Seti ya dai za bomba ya vichwa sita: tuipime kwa kipimo cha Joseph Whitworth

Ukipita maduka ya vifaa vya mabomba Gerezani, Dar es Salaam, au ukikata kuingia Kariakoo, utaliona tu: sanduku la plastiki jekundu, limefunuliwa juu ya kaunta ili vyuma ving'ae. Ndani mna vichwa sita vya kukatia thredi (ile mistari ya mzunguko inayofunga bomba kwenye soketi) za bomba la chuma, nusu inchi mpaka inchi mbili. Kila kichwa kimebeba dai, yaani vipande vya chuma vyenye meno ya kukatia. Pamoja navyo kuna ratcheti, kishikio kinachozungusha kichwa upande mmoja tu, na mpini wa vipande viwili vinavyoungwa kwa kuzungushwa. Jina la kwenye kifuniko hubadilika kila mzigo mpya ukishuka bandarini, lakini kilichomo ni kilekile. Kwa hiyo tunaizungumzia aina hiyo ya seti, si kampuni fulani.

Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii: vichwa vya nusu, robo tatu na inchi moja vinafanya kazi ya heshima. Cha inchi moja na robo ni cha kubahatisha. Cha moja na nusu na cha mbili vimewekwa kujaza sanduku. Fundi ambaye kazi zake ni za majumbani anunue bila wasiwasi, ila akague kwanza kwa namna tutakayoeleza. Anayefunga mabomba ya kisima kirefu au ya zimamoto asipoteze hela.

Ila huwezi kusema dai ni nzuri au mbaya bila kitu cha kuilinganisha nacho, na kitu hicho si dai ya duka la jirani. Thredi karibu zote tunazofunga Dar es Salaam, kuanzia koki ya bafuni mpaka maungio ya tenki la juu ya paa, zinafuata umbo alilolitangaza mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841: pembe ya digrii 55 kati ya jino na jino, na ncha na shina la jino vikiwa vya mviringo. Thredi ya bomba ikaongezewa mteremko: kila ukienda milimita 16 za urefu, kipenyo kinabadilika milimita 1, ndiyo maana bomba hukaza kadiri linavyoingia. Herufi BSPT zilizoandikwa kwenye kifuniko, yaani thredi ya bomba yenye mteremko ya kiwango cha Kiingereza, zinaahidi hayo yote. Kazi ya mnunuzi ni kuhakiki ahadi hiyo kabla ya kutoa pesa.

Whitworth alizaliwa Stockport, jirani na Manchester, tarehe 21 Desemba 1803. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kwenye kinu cha pamba cha ndugu yake huko Derbyshire ajifunze biashara, lakini mashine zilimvuta kuliko pamba, akaondoka kwenda kufanya kazi ya ufundi Manchester. Mwaka 1825 alihamia London, akaingia karakana ya Henry Maudslay, iliyokuwa chuo cha mafundi mitambo wa zama zile. Baadaye alifanya kazi kwa Joseph Clement, aliyekuwa akichonga vipande vya mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage. Mwaka 1833 alirudi Manchester, akapanga chumba chenye nguvu ya mvuke na kutundika kibao: mtengeneza zana, kutoka London.

Wakati huo kila karakana ilikuwa na thredi yake. Nati ya kiwanda kimoja haikuingia kwenye bolti ya kiwanda cha pili, na mara nyingine hata bolti mbili za kiwanda kimoja zilipishana. Bolti ikikatika kwenye injini, mwenye injini alilazimika kurudi kwa aliyeitengeneza, au kuchongesha mpya kwa kipimo cha ile iliyovunjika. Whitworth hakujifungia chumbani akakokotoa thredi bora kuliko zote. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akachukua wastani. Zile digrii 55 ni wastani wa pembe alizozikuta. Hapo ndipo alipowazidi wenzake ujanja: kila mwenye karakana aliona thredi mpya haiko mbali na ya kwake, kwa hiyo kubadilika hakukumgharimu sana. Kampuni za reli zikaikubali, wengine wakafuata. Wakati wa Vita vya Crimea, serikali ilipohitaji injini 90 za boti za mizinga kwa siku 90, mtengeneza injini John Penn alitawanya kazi kwenye karakana mbalimbali, vipande vikarudi vikafungika, kwa sababu vyote vilichongwa kwa vipimo vya Whitworth.

Sasa turudi kaunta. Jambo la kwanza ni kuhesabu meno. Thredi ya nusu na ya robo tatu ina meno 14 kwa inchi. Kuanzia inchi moja mpaka mbili ni meno 11. Tatizo ni kwamba Wamarekani walishika njia yao. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza pembe ya digrii 60 na ncha bapa, kwa hoja kwamba ile ya Whitworth inasumbua kuchonga kwenye karakana za kawaida. Thredi yao ya bomba, NPT, nayo ni ya digrii 60. Kwenye nusu na robo tatu ina meno 14 kama yetu, lakini kuanzia inchi moja ni meno 11 na nusu.

Mtego uko kwenye nusu inchi. Bomba lililokatwa kwa dai ya NPT litaingia kwenye soketi yetu, litakaza, na mkono utakuambia kila kitu kiko sawa. Halafu linavuja. Meno yamelingana umbali tu. Pembe zimepishana na kipenyo si kimoja, kwa hiyo yanagusana kwenye mistari myembamba na maji yanapita kwenye nafasi inayobaki, ikizunguka bomba kama ngazi ya mnara. Hata ufunge tepu kiasi gani, presha ikipanda usiku litarudi kutoa machozi.

Kwa hiyo usikikague kichwa cha nusu. Kagua cha inchi moja, maana hapo tofauti haijifichi. Mwambie muuzaji, "Bosi, naomba nitoe dai moja nihesabu meno." Akikataa, nenda duka linalofuata. Weka rula ya chuma kwenye meno, anza kwenye ncha moja uhesabu nafasi nane. BSPT itakupa milimita 18.5. NPT itakupa milimita 17.7. Tofauti ya milimita 0.8 inaonekana kwa macho bila kifaa kingine chochote. Masanduku mengi ya Gerezani ni BSPT kweli, kwa kuwa bidhaa za China, India na Uturuki zinazokuja huku hufuata mfumo huo. Hata Wajerumani, walioanza kujenga reli ya kati hapa mwaka 1905 kwa vipimo vyao vya mita, kwenye mabomba walichukua thredi ya Whitworth. Lakini sanduku la NPT hupenya mara mojamoja, na huuzwa kwa bei ya chini kidogo, jambo ambalo lingepaswa kukushtua.

Jambo la pili ni unene wa dai zenyewe. Kila kichwa kina vipande vinne vya dai vinavyokaa kwenye mifereji yake na kubanwa na kifuniko cha skrubu. Kipande kimoja kikiwa chembamba kuliko wenzake, kifuniko hakikibani sawasawa: kinacheza, kinajilaza, kinakata jino la upande. Kwa kuwa kaunta nyingi ni za kioo, toa vipande vyote vinne uvilaze juu ya kioo. Bonyeza pembe za kila kimoja kwa kidole. Kinachotikisika hakina uso ulionyooka. Kisha pitisha rula ya chuma kwa ubavu juu ya vipande viwili viwili, uinamishe kichwa utazame kwa chini. Mwanga ukipenya upande mmoja, unene haulingani. Tulipokagua kwa njia hii, dai za vichwa vidogo zilikuwa sawa. Kwenye kichwa cha inchi mbili kipande kimoja kilipitisha mwanga bila kificho.

Kutumia uso ulionyooka kama hakimu ni mchango mwingine wa Whitworth, na wapo wanaouweka juu kuliko thredi. Mwaka 1840 alieleza mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow jinsi ya kupata bamba la chuma lililonyooka kweli. Mafundi wa wakati huo walisugua mabamba mawili kwa unga wa msasa mpaka yashikane. Kasoro ni kwamba mabamba mawili yanaweza kushikana vizuri huku moja lina kishimo na la pili lina kitumbo. Whitworth alisisitiza mabamba matatu. Unapaka rangi nyepesi, unalinganisha la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, na palipoguswa na rangi unapakwangua kwa mkono badala ya kusugua. Matatu hayawezi kushikana yote kwa zamu mpaka yawe yamenyooka. Bila bamba la namna hiyo hakuna mashine ya kuchonga inayoaminika, na bila mashine inayoaminika kiwango cha thredi kinabaki karatasi.

Ukishanunua, kosa linalokuja kwa kasi ni mpangilio wa dai. Kila kipande kina namba, 1 mpaka 4, na kila mfereji una namba yake. Si mapambo. Kwa kuwa thredi inapanda kadiri inavyozunguka, meno ya kipande cha pili yamesogezwa robo ya nafasi kuliko ya kipande cha kwanza, na kadhalika. Ukivipanga vibaya, kila kipande kinafuta kazi ya mwenzake, na bomba linatoka na manyoya badala ya meno. Kwenye baadhi ya masanduku namba za mifereji zimezibwa na rangi. Zikwangue kwa ncha ya msumari kabla ya kufungua kichwa mara ya kwanza, na usifungue vichwa viwili kwa wakati mmoja juu ya meza moja. Dai za robo tatu na za nusu zote zina meno 14, zikichanganyika utahangaika kuzitenganisha.

Upande wa bomba, seti hii haina msamaha kwa bomba jembamba. Kina cha jino la nusu inchi ni milimita 1.16. Bomba la daraja jepesi la kipimo hicho lina ukuta wa milimita 2 hivi, kwa hiyo chini ya meno panabaki chini ya milimita moja ya chuma, na mwishoni kabisa, mteremko unapozidi kula, panabaki pembamba zaidi. Bomba hilo litakatikia kwenye shingo ya thredi, ama siku ya kukaza, ama miaka michache baadaye maji ya chumvi ya kisima yakishakula kilichobaki. Nunua lenye ukanda wa bluu, yaani daraja la kati, ukuta wa kama milimita 2.6. Ukanda mwekundu ni zito, linafaa sana kisimani, ila dai zitachoka mapema kidogo.

Kukata kwenyewe hakuhitaji nguvu bali utaratibu. Bana bomba kwenye vaisi ya bomba, ile ya mnyororo au ya meno ya V, huku likitokeza kama sentimita 15. Vaisi ya kawaida ya meza hulibana bomba likawa yai, na dai itakata upande mmoja kwa kina na mwingine juujuu. Kata mwisho wa bomba ukae mraba kabisa. Kikata bomba cha gurudumu ni bora kuliko msumeno, ila huacha ukingo uliojikunja kwa ndani, nao utoe kwa tupa ya mviringo. Ukiuacha, bomba la nusu litapitisha maji kama bomba dogo zaidi, na mteja atailaumu pampu.

Ingiza kichwa upande wenye tundu la kuongozea, siyo upande wa namba. Vuta kitufe cha ratcheti, kigeuze nusu mzunguko kama kinarudi nyuma, kisha sukuma kichwa kwa kiganja huku mkono wa pili ukizungusha mpini taratibu. Meno mawili ya kwanza ndiyo yanayoamua kila kitu: ukianza kwa kupinda, huwezi kunyoosha katikati. Baada ya hapo dai inajivuta yenyewe. Mimina oili kila robo mzunguko.

Oili gani? Wengi hutumia oili chafu ya gari, na ni mazoea mabaya. Imeshapoteza uteleza, imebeba masizi na chembe za chuma, na bomba hilo kesho linapitisha maji ya kunywa. Oili ya kukatia chuma ndiyo yenyewe. Ukiikosa, mafuta ya kula ya mimea yanakata vizuri kuliko oili chafu. Mafundi wa enzi ya Malkia Victoria walitumia mafuta ya nguruwe na kazi yao bado ipo. Baada ya kukata, suuza bomba kwa ndani.

Ukisikia mpini umekuwa mzito ghafla, usichomeke kipande cha bomba kuurefusha. Chembe zimejaa. Zinki ya bomba ni laini, hunata kwenye meno ya dai na kuziba njia ya chembe kutokea. Rudisha robo mzunguko, safisha kwa brashi, tia oili, endelea. Simama pale mwisho wa bomba unapolingana na uso wa nje wa dai. Hapo kwenye nusu inchi utakuwa na meno kamili ya urefu wa kama milimita 13, robo tatu 14.5, inchi moja karibu 17. Wanaoendelea "ili iwe ndefu, ishike vizuri" wanaharibu: kinachoongezeka ni thredi isiyo na mteremko, na bomba litazama kwenye soketi bila kukaza.

Kisha pima kwa mkono, pakavu, bila tepu. Chukua soketi mpya isiyokarabatiwa, izungushe kwa vidole. Kwa nusu inchi na kwa inchi moja, kipimo cha kitabu ni mizunguko minne na nusu kwa mkono, halafu spana iongeze miwili na robo tatu. Ikiingia mizunguko miwili tu ikagoma, hujakata vya kutosha au dai zimekaa juu. Ikizama sita kwa vidole, umekata kupita kiasi. Thredi za nusu, robo tatu na inchi moja za seti hii ziliangukia kati ya minne na mitano, bila kurekebisha chochote. Kwa bei ya sanduku lile ni jambo la kushangaza, na ndilo linalotufanya tuisifie.

Vidole si kipimo cha kudharau. Kwenye Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, Whitworth alionyesha mashine ya kupimia iliyoweza kutofautisha sehemu moja ya milioni ya inchi, na siri yake ilikuwa mguso. Skrubu yake ilikuwa na meno 20 kwa inchi, ikizungushwa na gurudumu la meno 200, nalo likiendeshwa na gurudumu lililogawanywa sehemu 250. Zidisha: 20 mara 200 mara 250 ni milioni moja. Ncha ilijulikana imegusa kwa kijipande cha chuma kilichoning'inia kwa kubanwa. Ncha ikilegea sehemu hiyo moja tu, kinaanguka. Mashine nzima ilikuwa skrubu nzuri na bamba zilizonyooka, basi.

Tepu au katani ni ugomvi wa kila karakana, hatutaumaliza. Kwa thredi za seti hii, ambazo uso wake una mikwaruzo kidogo, katani na rangi yake vinaziba vizuri zaidi kwenye bomba la chuma, na tepu nyeupe inatosha kwenye shaba. Vyovyote vile, zungusha kufuata mwelekeo wa kukazia, la sivyo spana itaikunja na kuitoa. Tahadhari mbili tu. Ukiunga kwenye adapta ya plastiki yenye thredi ya shaba ndani, usitafute ile miwili na robo tatu ya spana. Mteremko wa bomba ni kabari, na plastiki itapasuka, mara nyingi siku ya pili. Na mita ya maji ya nusu inchi ina thredi ya robo tatu nyoofu kwenye midomo yake, inayozibwa na washa, siyo na tepu. Usiikatie bomba la robo tatu ukadhani umepata njia ya mkato. Tumia yunioni zake, yale maungio ya nati yanayoendana na mita.

Sasa lawama. Jino la inchi mbili ni lilelile la inchi moja, meno 11, kina cha milimita 1.48. Lakini mzingo wa bomba ni karibu mara mbili na thredi ni ndefu zaidi, kwa hiyo chuma cha kuondoa kinaongezeka sana, na nguvu inayohitajika kwenye mpini pia. Mpini wa seti hii ni uleule kwa vichwa vyote. Kwenye inchi moja na nusu ulianza kujipinda kwenye maungio ya vipande viwili. Kwenye inchi mbili kidole cha ratcheti kiliruka meno, na kila kinaporuka dai inasimama ghafla na kuacha alama kwenye thredi, alama ambayo maji huipenda. Ukilazimika, ondoa mpini wa kiwandani, chonga wa kipande kimoja cha bomba zito. Kidole cha ratcheti hakina dawa. Chuma chake ni laini.

Kinachoudhi zaidi ni vipuri. Thredi itokayo kwenye sanduku hili inaingia kwenye soketi ya India, koki ya Italia na valvu iliyofungwa na wakoloni wa Kiingereza. Lakini vipande vya dai vya sanduku moja haviingii kwenye kichwa cha sanduku la jirani, hata kama yote ni mekundu na yote yameandikwa BSPT. Upana wa mifereji unapishana kwa kiasi kidogo, cha kutosha kukuharibia. Yaani wamechukua umbo la Whitworth na kuiacha hoja yake. Kwa hiyo siku unayonunua, nunua dukani hapohapo dai za akiba za nusu na za robo tatu, na zijaribu kwenye kichwa kabla ya kuondoka. Ukirudi baada ya miezi sita mzigo utakuwa mwingine. Tafuta pia zenye mhuri wa HSS, yaani chuma kigumu cha zana za kukatia. Za chuma cha kawaida huwa butu mapema kwenye bomba la ukanda mwekundu.

Sanduku halina karatasi ya maelekezo hata moja, zaidi ya mchoro wa mtu mwenye kofia. Whitworth asingekubali. Mwaka 1868 alitoa ufadhili wa masomo 30, kila mmoja pauni 100 kwa mwaka, kwa vijana waliofanya mtihani wa nadharia na wa kushika zana kwa mkono pia. Kwa vijana wetu wanaotoka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, waliokwisha kufundishwa kukata thredi, karatasi hiyo haihitajiki. Kwa mwenye nyumba anayetaka kujiungia mwenyewe, ukosefu wake utamgharimu dai ya kwanza.

Tusimpambe mzee yule kupita kiasi. Alipogeukia bunduki, alitengeneza yenye mtutu wa pembe sita, iliyolenga mbali kuliko ya jeshi. Malkia Victoria mwenyewe aliifyatua Wimbledon mwaka 1860 ikapiga karibu na kitovu cha shabaha. Jeshi la Uingereza liliikataa, kwa kuwa tundu lake dogo lilichafuka upesi na bei ilikuwa kubwa. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, akiwa Sir Joseph, tajiri, na mbishi mpaka mwisho.

Kama kazi yako ni ya bomba la inchi moja na nusu kwenda juu, yako maduka Gerezani na Buguruni yenye mashine ya umeme ya kukata thredi. Unapeleka bomba, unalipia kwa mdomo mmoja mmoja, unaondoka. Omba wakukatie mdomo mmoja kwanza, ujaribu soketi yako hapohapo. Ukimiliki seti, usiifunge sandukuni ikiwa na chembe na maji. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, na plastiki ya sanduku inauhifadhi. Osha dai kwa dizeli, zikaushe, zipake oili safi, zirudishe kwa namba zake, na ondoa ule sponji mweusi uliokuja nao ndani. Unanyonya unyevu, na kutu huanzia hapo.